Bi Mkasi na Filamu za Watu

Jumamosi, saa nane na nusu mchana, Bi Mkasi alipanda ngazi za duka la vioo akiwa amebeba kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nane. Alikishona mwenyewe. Kilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa katikati, mshono umepigwa pasi mpaka hauonekani, na ndani ya pindo la chini alitia mnyororo mwembamba ili kisipepee feni ikiwashwa. Alikitundika kwenye misumari sita ukutani, akarudi nyuma hatua nne, akafumba jicho moja, akarudi tena kushusha kona ya kushoto kwa upana wa kidole. Chini, fundi vioo alikuwa anakata kioo cha kabati, na sauti yake ilipenya sakafuni.

Chumba hicho cha juu kilikuwa cha chama cha watazamaji. Wanachama walikuwa kumi na tisa, na kiongozi wao alikuwa Mwalimu wa Hesabu, mstaafu mrefu aliyefunga vifungo vyote vya shati mpaka kooni. Mwalimu aliwaandikia barua kwa mkono watengenezaji wa filamu wa nchi za mbali, wale wasio na kampuni kubwa wala mabango barabarani, akiwaomba nakala. Wengi walimjibu. Kila Jumamosi, kabla ya kuzima taa, alisema maneno yaleyale.

"Hapa magari hayafukuzani. Mwenye haraka asubiri chini kwenye vioo."

Hakuna aliyewahi kushuka. Hata Kinyozi, mtoto wa kaka yake Bi Mkasi, ambaye mdomo wake haukutulia, alikuwa anakaa mstari wa mbele tangu saa nane.

Bi Mkasi alikuwa na miaka sitini na saba na alishona mapazia. Wateja wake walidhani jina lake la utani limetokana na kazi hiyo. Ukweli ni kwamba alipewa zamani, alipokuwa mkata filamu katika Kitengo cha Filamu cha serikali, enzi za utepe, wembe na gundi. Hilo hakulisema sana. Mtu akimuuliza alifanya kazi gani ujanani, alijibu, "Nilikuwa naunganisha vitu," kisha akauliza dirisha lina upana gani.

Filamu ya siku hiyo ilitoka nchi ya theluji. Ndugu wawili wasiosemezana wanavusha jiko la chuma juu ya ziwa lililoganda, wanampelekea dada yao aliyejifungua. Jiko linakwenda, linasimama, linakwenda. Barafu inalia. Hakuna anayesema neno mpaka dakika ya hamsini, na neno lenyewe ni "shika."

"Jamani," Kinyozi alinong'ona, "jiko limetembea nusu saa. Mimi kwa muda huo nimenyoa ukoo mzima."

"Nyamaza," alisema Bi Mkasi. "Angalia mikono yao."

Kinyozi aliangalia mikono, akanyamaza, na ndugu mdogo aliposema "shika," Kinyozi alitoa leso.

Majina ya mwisho yalianza kupanda. Yaliandikwa kwa herufi za kwao, zenye kofia na mikia, ambazo hakuna chumbani aliyeweza kuzisoma. Katikati yake ulipita mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi za kawaida: Mhariri wa picha. Chini yake palikuwa na jina la Bi Mkasi, majina yake yote matatu, hata la babu yake, ambalo makarani hulikosea kila mara. Halikukosewa. Lilipanda taratibu pamoja na mengine, likaishia juu.

"Shangazi, umetajwa," alisema Kinyozi.

"Nimeona."

"Hongera."

"Asante, baba."

Mwalimu aliwasha taa, akafuta miwani, akauliza kama kuna mwenye maoni kuhusu jiko.

Wiki iliyofuata walionyesha filamu ya kisiwa kimoja, kuhusu mzee anayemfundisha jogoo kunyamaza kwa sababu jirani yake ni mgonjwa. Jina lilikuwepo. Wiki ya tatu ilikuwa filamu ya saa nne juu ya wavunaji wa chumvi. Jina lilikuwepo, safari hii herufi zimenakshiwa kwa namna ya kwao. Ikafuata ya nchi ya milima, ya mpishi wa gerezani. Halafu ile isiyo na watu kabisa, yenye kivuli cha mti tu kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwaka ulipokatika, filamu arobaini na nane za nchi thelathini zilikuwa zimepita kwenye kitambaa kile, na zote zilihaririwa na Bi Mkasi.

Aliulizwa mara moja tu kama kweli alizikata. Aliyeuliza alikuwa muuza maua, aliyekuwa mgeni kuliko wanachama wote.

"Sikuzikata," alisema Bi Mkasi. "Ila mimi pia ningezikata hivyohivyo."

Mwalimu alisita kidogo kukubali. Ile ya jogoo alikuwa ameiona miaka mingi nyuma, alipokuwa masomoni ng'ambo, na alikuwa na kumbukumbu ya mtu wa namba.

"Bi Mkasi, samahani. Kulikuwa na mbwa. Anapita uani, anakunywa maji, anakaa, anajikuna. Zamani ilikuwa dakika mbili na sekunde kumi. Siku ile mbwa amekunywa maji, tukarudi kwa mzee."

"Mbwa alikuwa anamnyang'anya mzee huzuni yake," alisema Bi Mkasi.

Mwalimu alifikiri. "Ni kweli," alisema, akaandika kwenye daftari lake.

Miezi miwili baadaye ilikuja barua kutoka kisiwani. Mwalimu aliisoma mbele ya wote, akitafsiri huku anasoma. Mtengenezaji wa ile filamu ya jogoo, ambaye sasa alikuwa mzee kuliko mzee wake wa kwenye picha, alimwandikia Bi Mkasi hivi: "Bibi mpendwa, kwa miaka ishirini na sita nimejua kwamba yule mbwa amezidi. Nilimwacha kwa sababu alikuwa mbwa wangu. Jumanne iliyopita nimeiona filamu yangu kwenye televisheni, nikamwona ameondoka kwa wakati wake. Nimelia kidogo, kisha nimekaa vizuri na kuitazama kazi yangu kama inavyopaswa kutazamwa. Jina lako linasomeka vizuri. Asante kwa mkono wako."

Wanachama walipiga makofi. Kinyozi aliomba aishike barua, akaizungusha mkononi, akasema ukoo wao haujawahi kupata barua yenye stempu ya pweza. Bi Mkasi aliikunja na kuitia kwenye mkoba. Siku hiyo alishuka ngazi kifua mbele, na fundi vioo, aliyekuwa amesikia yote kupitia dari, alisimama na kumfungulia mlango.

Bintiye Bi Mkasi alikuwa mpima ardhi. Kazi yake ilikuwa kusimika mawe ya mipaka na kuyachora kwenye ramani, na kwa miaka kumi na mitano aliamini kwamba kila kitu duniani kina mwenyewe, na mwenyewe ana karatasi. Alianza kuja chumba cha juu baada ya habari za jina kumfikia kazini. Alikaa pembeni ya mama yake, na kilichomshughulisha zaidi hakikuwa picha. Alikuwa anaitazama mikono ya mama. Filamu ilipokuwa inaendelea, mikono ile ilitulia mapajani; kisha, ghafla, kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia vilikutana, kama mkasi unaofungwa, na papo hapo picha ikabadilika.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, binti aliuliza.

"Mama, na ile yako? Ile ya mawe. Jina lako lipo?"

Bi Mkasi alitembea hatua kadhaa. "Ile walisema si yangu."

Binti aliijua habari hiyo nusunusu tangu utotoni. Siku hiyo aliipata nzima. Miaka thelathini na nne nyuma, Kitengo kiliagizwa kutengeneza filamu kuhusu wanawake wanaovunja kokoto machimboni. Mkurugenzi wa Kitengo alifika machimboni siku ya kwanza akiwa amevaa suti nyepesi, akapiga chafya mara saba kwa vumbi, akarudi garini na hakuonekana tena. Bi Mkasi alibaki siku nane na mpiga picha mmoja, ambaye sasa ni marehemu. Ni Bi Mkasi aliyeshika kinasa sauti, aliyewauliza wanawake maswali, aliyekaa nao chini wakati wa kula. Kisha alijifungia na utepe kwa miezi mitano. Palikuwa na mahali ambapo mwanamke mmoja anainua nyundo, na mwenzake anamwambia jambo kuhusu mtoto wake, na nyundo haishuki. Bi Mkasi aliiacha pale juu kwa pumzi nne, bila sauti yoyote. Hakuipima kwa saa. Aliivuta mwenyewe, pumzi nne, ndipo akakata.

Filamu iliitwa "Kokoto." Ilizunguka dunia. Mkurugenzi alizunguka nayo, akarudi na tuzo za kioo. Vitabu vya wanafunzi wa filamu viliiandika ile nyundo kuwa "Ukimya wa Mkurugenzi," na mpaka leo kuna watu wanaofanya mtihani juu yake. Bi Mkasi alipouliza kwa nini jina lake halimo, aliambiwa Kitengo ni mwili mmoja, na mwili una kichwa kimoja. Mwezi uliofuata nafasi yake ya kazi ilifutwa. Alinunua cherehani.

"Wamekula jasho lako, mama," alisema binti.

"Wamekula. Na wameshiba," alisema Bi Mkasi. "Lakini ile nyundo bado iko pale nilipoiacha."

Jumatatu binti alikwenda Idara ya Kumbukumbu za Picha. Karani wa dirisha la tatu, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta ya kijani, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Tuna taarifa," alisema karani. "Mama yako yuko kwenye filamu zote za nje. Hilo hatulipingi, mdogo wangu. Nimeliona mimi mwenyewe. Ila fomu hii ni ya filamu zilizotengenezwa hapa nchini."

"Na 'Kokoto' imetengenezwa hapa."

"Imetengenezwa hapa. Ndiyo maana inahitaji barua ya mkuu wa Kitengo wa wakati ule."

"Mkuu wa wakati ule ndiye aliyelichukua jina."

"Basi mwombe yeye," alisema karani kwa upole, akampa fomu.

Hakukuwa na haja ya kumtafuta. "Kokoto" ilikuwa imesafishwa upya na ingeonyeshwa kwenye ukumbi mkubwa wa serikali, Ijumaa saa kumi alasiri, kwa heshima ya Mkurugenzi, ambaye alikuwa anatimiza miaka themanini. Mwalimu aliomba viti kumi na tisa na kimoja cha binti, akapewa ishirini, mstari wa nyuma. Kinyozi alifunga duka asubuhi ile, akawanyoa wanaume wote wa chama kwa zamu, na wote walitoka na mchongo uleule, kwa hiyo ukumbini walionekana kama ndugu wa baba mmoja. Bi Mkasi alivaa gauni la bluu alilolishona usiku wa kuamkia Jumatano. Binti alimfunga kitambaa cha kichwa, akakifungua, akakifunga tena.

"Litakuja leo," alisema Kinyozi walipokaa. "Shangazi, limekuja kwenye filamu ya kivuli cha mti. Litashindwa kuja kwenye yako?"

Bi Mkasi alikuwa anaikagua skrini ya ukumbi, ambayo kona yake ya kulia ilikuwa imelegea.

Taa zilizimwa. Mawe yalianza kusikika kabla ya picha kuonekana, ndivyo alivyoipanga. Kisha wanawake wakatokea, vumbi kwenye nyusi, wakicheka kwa jambo ambalo mtazamaji haelezwi. Wageni waliokuwa wanapekua simu waliziweka mfukoni. Binti, ambaye hakuwahi kuiona filamu ile, alimwona mmoja wa wanawake akigeuka na kuzungumza na mtu asiyeonekana, aliye upande wa kamera. "Wewe dada, kaa, utachoka," mwanamke alisema. Halafu sauti ya mwanamke kijana ilicheka kidogo, na binti aliijua sauti ile. Ndiyo iliyomwimbia alipokuwa mdogo.

Nyundo iliinuka. Ukumbi mzima ulivuta pumzi, ukaishusha, watu mia sita kwa pamoja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mapajani mwa Bi Mkasi vidole viwili vilikutana. Picha ikakata. Mtu mmoja mbele, mwenye nishani kifuani, alisikika akikohoa kikohozi cha mtu anayeficha kilio.

Yalipoanza majina ya mwisho, wanachama kumi na tisa wa chumba cha juu walisogea mbele vitini. Lilikuja jina la Mkurugenzi, peke yake, herufi kubwa kama milango. Likapita. Likaja jina la Kitengo. Likapita. Ikaja nembo ya waliogharimia usafishaji. Kisha skrini ikawa nyeupe.

"Subirini," alisema Kinyozi.

Walisubiri mpaka taa zikawashwa na mafundi wakaanza kukunja nyaya.

"Halipo," alisema Mwalimu. Alisema kama anavyosoma jibu la hesabu aliyoirudia mara tatu.

Ukumbi ulisimama na kupiga makofi. Mkurugenzi alipanda jukwaani kwa fimbo, akainama kushoto na kulia. Bi Mkasi naye alisimama akapiga makofi, tena kwa nguvu, kwa sababu filamu ilikuwa imekatwa vizuri, na hakuwa mtu wa kuinyima kazi haki yake. Chama chote kilimgeukia yeye. Walipiga makofi wakiwa wameupa mgongo jukwaa, vichwa vya wanaume vimenyolewa sawasawa, na baadhi ya wageni wa mistari ya karibu, bila kujua sababu, nao waligeuka wakampigia.

Nje, kwenye ukumbi wa vinywaji, Mkurugenzi alimwona na kumjia mwenyewe. Alikuwa amepungua mwili, ila suti ilikuwa ya rangi ileile.

"Bibie. Miaka mingi."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimeona, nimeona. Uko kila mahali siku hizi. Wajukuu zangu wakitazama filamu ya nje, wewe. Wakibadilisha, wewe." Alicheka. "Dunia nzima imekupa jina. Hii moja niachie mimi."

Binti alifungua mdomo. Bi Mkasi alimgusa kiwiko.

"Mkurugenzi, nikuulize kitu kimoja cha kazi," alisema. "Ile nyundo inakaa juu pumzi ngapi?"

Mkurugenzi aliegemea fimbo. Alitazama dari, akamtazama mpiga picha wa gazeti aliyekuwa anamsubiri, akatazama glasi yake.

"Ni hisia," alisema. "Huwezi kuihesabu."

"Nne," alisema Bi Mkasi.

"Haya. Nne." Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa zawadi, akamshukuru, akaenda kupigwa picha. Gazeti la Jumamosi liliandika kwamba Mkurugenzi, alipoulizwa siri ya ukimya wake maarufu, alijibu kwamba ni pumzi nne.

Binti aliisoma habari hiyo akiwa amesimama, akalikunja gazeti mara nne, akalikunjua. "Umempa na hilo, mama!"

"Sikumpa. Nilimwuliza, hakujua. Wewe ulikuwepo, ukasikia." Bi Mkasi alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na aliutia mara moja tu bila kukosea. "Mimi nilitaka wewe usikie."

Binti alikaa kitini. Alisema, "Nilikusikia ukicheka. Kule machimboni."

"Ulinisikia?"

"Sauti ni yako kabisa."

"Mpiga picha alitaka nikitoe kile kicheko," alisema Bi Mkasi. "Nilimwambia kinakaa."

Jumatatu binti alirudi dirisha la tatu. Alikuwa ameijaza fomu yote kwa mwandiko wa ramani, ulionyooka, na penye swali la uhusiano wa mwombaji na mhusika aliandika BINTI YAKE kwa herufi zilizovuka kisanduku pande zote mbili. Barua ya mkuu wa wakati ule hakuwa nayo. Aliambatisha maelezo yake mwenyewe ya kurasa tatu kuhusu kicheko.

Karani aliisoma ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza, alivua miwani.

"Mama yako ndiye aliyekata ile ya mwanamke anayesafisha madirisha ya maghorofa? Imeonyeshwa jana kwenye televisheni."

"Ndiye. Zote ni yeye."

"Nimeitazama na mume wangu. Yule bwana hajawahi kumaliza filamu, hulala mapema. Jana tumelia wote wawili, watoto wakatuuliza kuna msiba gani." Alijifuta jicho kwa ukingo wa sweta. "Mwambie hongera sana. Mwambie zimetoka kwa karani wa dirisha la tatu."

"Nitamwambia."

Karani alivaa miwani, akachukua muhuri wa IMEKATALIWA, akaugonga palepale panapostahili, akapuliza wino ukauke ili usichafue mwandiko, akampa nakala yake.

Binti alimkuta mama yake amepiga magoti sakafuni, anapima na kukata kitambaa cha mteja. Alimwonyesha karatasi. Bi Mkasi aliutazama muhuri, akaiweka karatasi mezani chini ya kopo la vifungo.

"Utapeleka tena?"

"Nitapeleka kila mwaka. Na ukifa nitapeleka, na nikifa mimi atapeleka mwingine."

"Sawa." Bi Mkasi alirudi kwenye kitambaa.

"Karani amekupa hongera. Yeye na mumewe wamelia jana kwa ile filamu ya madirisha."

Mkono wa Bi Mkasi ulisimama. Alinyanyua uso, na macho yake yakawa makali kama ya mtu wa kazi aliye kazini.

"Wamelia wapi?"

"Hakusema."

"Mwulize. Una namba ya ofisi yao, piga uulize."

Binti alipiga. Alisubiri, akajitambulisha, akauliza, akasikiliza kwa muda. Alipokata simu alikuwa anatabasamu.

"Anasema ni pale anapofika kwenye chumba ambacho watu wamehama. Anasimama na kitambaa mkononi, halafu analisafisha dirisha hivyohivyo, mpaka kwenye pembe."

"Anapolisafisha, au baada ya kumaliza?"

"Baada ya kumaliza. Kioo kikiwa kitupu."

"Hapohapo," alisema Bi Mkasi, akaendelea kukata.